Nguzo ya Chumbani kwa Mama

Masika yalikuwa yanabisha hodi, na nguzo ya chumbani kwa mama, katika nyumba yetu ya udongo kule Kurui, mchwa walikuwa wameila hadi ukiigonga inalia debe tupu. Baba tulikuwa tumemzika juzijuzi. Mama alikuwa kwenye eda, na mjane akiwa eda hatoki nyumbani kwake.

"Shehe kasema nyumba ikiwa ya hatari unaruhusiwa kuhama," nilimwambia. "Twende kwangu mjini, Picha ya Ndege, ukamalizie huko."

"Shehe ndiye aliyeolewa humu?"

Jamani, mama yangu! Nilikasirika, na niliogopa pia. Kaka yangu alitaka tubomoe, tuinue ya tofali. Nikamuuliza, utabomoa na mama yumo ndani? Mwishowe tukakubaliana kuta za baba zibaki, tubadilishe nguzo kwanza, bati baadaye.

Shida ikawa fundi. Mwanamume asiye maharimu, yaani anayeweza kumuoa, haingii chumbani kwa mwenye eda. Basi fundi akasimama nje, nyuma ya pazia la dirisha, akituelekeza kwa sauti, na mimi na kaka, watu wa kushinda ofisini, tukashika kazi. Mama aligoma hata kuhamia chumba kingine, akakaa kitandani na tasbihi yake. Tulitega jeki ya gari juu ya gogo, tukainua boriti, tukaing'oa nguzo mbovu. Ilitoka vipandevipande.

"Mpya, haraka!" fundi alipaza sauti.

Kaka alikuwa anaiingiza shimoni jeki ilipoteleza. Boriti ikashuka, ikanilalia begani. Udongo ukanimwagikia machoni, paa likalia lote juu yangu.

"Mama, toka! Toka nje!"

Hakutoka. Aliruka kutoka kitandani, ushungi ukamdondoka, akaingia chini ya boriti ileile, akaisukuma kwa mikono miwili huku akinitukana. Kaka akaisimamisha nguzo, akaigonga kwa nyundo hadi ikashika. Paa likatulia. Fundi alikuwa anauliza huko nje kama tu wazima.

Nikalipuka. "Mama, una akili kweli? Nakwambia toka, wewe unaingia! Ungekufa kwa ajili ya eda!"

Alikuwa ananipangusa macho kwa upindo wa nguo yake.

"Eda gani, we mtoto? Ya mume ina siku ya kutoka. Ya mtoto haina."