Fomu Niliyoijaza Kwenye Kijiwe cha Drafti

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mie ndiye niliyefanya watu wa huku kwetu Mtoni watembee karibu umbali wa kituo kizima cha basi ili wavuke barabara ambayo zamani tulikuwa tunaivuka kwa hatua chache. Majirani wanamlaani mkandarasi. Mkandarasi wa watu hana kosa.

Iko hivi. Kabla barabara kuu haijapanuliwa na kuwekewa njia za mabasi ya mwendokasi, walitafutwa vibarua wa kuhesabu watu wanaovuka, ili ijulikane vivuko viwekwe wapi. Nikapata. Nikapewa kizibao cha reflekta, fomu na kalamu, nikapangiwa palepale karibu na kwetu, mbele ya zahanati. Kazi yenyewe hata mtoto wa chekechea anaiweza: mtu akivuka unachora kijiti, wa tano unakatisha.

Baba alipita asubuhi ile. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Masasi, ana kisukari na kidonda mguuni, kwa hiyo kila siku alikuwa anavuka kwenda zahanati kusafishwa kidonda. Nikampa shikamoo yake, nikamchorea kijiti chake. Akaiangalia reflekta yangu, akafurahi utadhani nimekuwa mhandisi. Mpaka nesi wa zahanati alielezwa.

Saa mbili jua likaanza kuchoma. Nyuma yangu kulikuwa na kijiwe cha drafti, wanachezea vizibo vya soda, na kuna fundi viatu mmoja pale alikuwaga hafungwi. Nikasema mchezo mmoja tu. Jamani, drafti! Nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba na nusu, nimefungwa michezo yote, na fomu tangu saa mbili iko nyeupe.

Sasa sikia akili yangu ilivyofanya kazi. Nikaona nikijaza watu wengi msimamizi atashtuka, ataniuliza wametokea wapi. Nikijaza wachache, nani atauliza? Nani atakuja kulalamika kwamba hakuhesabiwa? Nikachora vijiti vichache vya huruma, nikasaini.

Barabara ikajengwa. Nzuri, siikatai, mabasi yanateleza na watu wanawahi mjini. Katikati wakaweka uzio wa chuma, na mbele ya zahanati hakuna kivuko. Kivuko kiko kule mbali, ambako mwenzangu alihesabu bila kuwa na kijiwe mgongoni.

Baba akaanza kutembea mpaka kule, na mguu ule. Nikamwambia apande bajaji. Akasema hajafikia hatua ya kupanda bajaji ili avuke barabara. Kwenda kila siku kukawa kwenda siku moja moja, halafu mara moja kwa wiki. Kidonda kikaharibika. Hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu.

Ndugu yangu, kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuwa na kinyongo na mie. Alichoamini yeye ni kwamba ofisi imepoteza fomu zangu. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia mwanawe alikuwa pale tangu alfajiri, alimwona kwa macho yake. Alipopata nafuu akaandika barua, akakusanya saini za wazee wenzake, akaisumbua ofisi ya serikali ya mtaa mpaka mwenyekiti akaitisha mkutano na watu wa barabara. Wakajibu kwamba kivuko wataongeza, ila siku hiyo waonyeshwe kwamba hesabu ilikosewa.

Nilikuwa na wiki mbili za kumwambia ukweli kabla ya mkutano. Nikawa nachelewa kurudi nyumbani makusudi, nikirudi nasingizia foleni.

Siku ya mkutano afisa wa barabara akaja na faili. Baba akainuka na fimbo yake, akaomba aonyeshwe fomu za mwanawe kama kweli zipo. Akapewa. Akavaa miwani. Jina langu lipo, na mwandiko ni wangu, aliyenifundisha kuandika ni yeye. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaurudia wa pili, wenye vijiti vya kuhesabika. Watu wote wanamsubiri.

"Fomu zipo," akasema. "Nimekosea mie. Samahanini kwa kuwapotezea muda."

Akakaa. Angesema neno moja tu, kwamba vijiti hivi ni vya uongo, kivuko kingepatikana na mie ningeumbuka. Hakulisema. Na mie niliyekuwa kiti cha nyuma, niliyetakiwa kusimama niseme, nikabaki nimekaa. Mkutano ukafungwa kwa sala, watu wakatawanyika wakimsema mzee wa watu kwamba umri umemchanganya.

Tulipofika nyumbani akavua kiatu taratibu, akaniita.

"Kesho uniamshe saa kumi na moja," akasema. "Kule ni mbali."

Basi. Hakuna alichowahi kuongeza. Namwamsha, anaondoka na fimbo yake, nikitaka kumshika mkono anautoa.

Kwa hiyo wewe uliyepewa kalamu kuhesabu watu, iwe barabarani, iwe kituoni, kaa juani uhesabu. Ukichoka mwite msimamizi umwambie umechoka. Ila usimpunguze mtu. Mie nilipunguza mtaa mzima siku moja, na anayetembea ni baba yangu.