Zimamoto Walipokuja Kuzima Udi

Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimekaa ukumbini nasoma, nimevaa shuka na fulana, mara nikasikia vishindo vya viatu vizito vinapanda ngazi zetu. Ngazi hizo ni za mbao na kwa muda mrefu zimezoea ndara tu. Nilipoinua uso nikawaona askari wa zimamoto, kofia vichwani, mmoja kashika shoka, mwengine kakumbatia mpira wa maji uliokunjwa.

"Asalaam aleikum," alisema wa mbele huku akihema. "Moto uko wapi?"

"Waaleikum salaam warahmatullah. Karibuni. Moto gani?"

Mke wangu akatokea chumbani na chetezo mkononi, moshi umemtangulia. Alikuwa anafukiza nguo za harusi ya mpwa wake. Udi huupika mwenyewe, kwa sukari na marashi na vitu vyengine ambavyo hajapata kuniambia, na moshi wake ni mzito kuliko wa udi wa kununua. Siku ile alikuwa na kanzu, kanga na mabuibui ya nusu ya ukoo, yote yametandwa juu ya tenga, kwa hivyo makaa aliyakoleza na udi akautia bila ya kuuonea huruma. Moshi ukatoka kwa madirisha yote ya juu. Mgeni mmoja wa hoteli iliyo ng'ambo ya kichochoro akauona, akakimbilia mapokezi, na mapokezi wakapiga simu.

Askari alikitazama chetezo. "Huu ndio moto wenyewe?"

"Ndio huo huo, mwanangu," alijibu mke wangu. "Ukitaka kuuzima uzime. Lakini harusi ni kesho, na wewe ndiye utakayekwenda kumweleza bibi harusi kwa nini watu wake wananuka kabati."

Walicheka mpaka mwenye shoka akaliegemeza ukutani. Hata hivyo walipita chumba kwa chumba, wakatazama kila pembe, ndipo wakaaga. Waliondoka wananukia kama kwamba maharusi ni wao.

Mimi nilidhani jambo limekwisha. Lakini binti yetu, anayekaa Fumba, nje ya mji, katika zile nyumba mpya, alikuwa na habari kabla ya magharibi. Kesho yake, harusi ikiendelea, alitukalisha pembeni mimi na mama yake kama anavyowakalisha wanafunzi wake wa skuli.

"Baba, gari ya zimamoto haikuweza kuingia. Wameiacha njia kuu, wamekuja kwa miguu. Ungekuwa moto kweli je?"

"Lakini haukuwa moto, mwanangu."

"Ndiyo nnayosema, Baba! Nyumba yote boriti na mbao. Kwangu barabara ni pana, gari inafika mlangoni. Chumba chenu nshakitengeneza. Mwezi huu mnahamia kwangu, nshasema."

Hakuyasema kwa ukali. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na nilijua kwamba usiku wake ule haukuwa wa usingizi. Mtu aliyejaaliwa mtoto wa kumuonea huruma uzeeni amepewa neema kubwa, na mimi nilimshukuru Mola kwa ajili yake pale pale. Lakini mke wangu amezaliwa katika nyumba ile. Na mimi chini ya nyumba nina chuo changu, ambapo watoto wa mtaa wanajifunza kusoma Kurani asubuhi na kina mama jioni, na msikiti uko karibu hata mwadhini akikohoa namsikia. Kuhama kwetu kungekuwa ndio mwisho wa yote hayo.

Nikamwambia, "Twende tukawaulize wenye kazi yao. Wakisema nyumba ile haiokoleki, nitafunga mizigo mwenyewe."

Akafikiri. "Haya. Lakini nnataka kuyasikia kwa masikio yangu."

Kwa hivyo wiki iliyofuata tulikwenda watatu sisi mpaka kituo cha zimamoto. Mke wangu alikaanga sambusa sinia zima, kwa kuwa alisema watu wamepandishwa ngazi bure na hawakupewa hata maji. Ofisa aliyetupokea ndiye yule yule aliyekuwa mbele siku ile.

"Shikamoo, Maalim. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Leo mmekuja na moto wenyewe?"

"Moto ulikuwa wa mafuta," mke wangu akasema, "nshauzima. Pokeeni sambusa."

Nimeishi mjini umri wangu wote na sikuwahi kuingia ndani ya kituo kile. Kila kitu kilikuwa mahala pake. Ukutani walitundika bomba la shaba la zamani, la kurushia maji, halitumiki tena lakini limesuguliwa likang'aa. Kilichonifurahisha zaidi ni viatu. Vimepangwa kando ya gari, na suruali za kazi zimeshatiwa ndani yake na kukunjwa mpaka chini, ili mtu aingize miguu, avute, awe ameshavaa. Nilisimama nikavitazama kwa muda. Nilifikiri juu ya kutawadha kabla ya wakati, na namna mtu anavyoweza kujiweka tayari kwa jambo ambalo hajui litamjia saa ngapi.

Mke wangu hakuwa na habari ya viatu. Yeye alikuwa anaitazama gari.

"Hii mtu anaruhusiwa kupanda?"

"Panda, Bibi, karibu."

"Mama!" binti yetu akasema. "Goti lako!"

"Goti langu limepanda ngazi zile tangu wewe hujazaliwa." Akakusanya buibui, askari wakamshika mkono, akakaa mbele kabisa, nyuma ya kioo kikubwa. Akatutazama kutoka juu. "Sasa hata nikiondoka kesho, nshapanda gari ya zimamoto. Mpige mama yako picha, usisimame tu!"

Alipoteremka ndipo binti yetu akalitoa lililotuleta. Aliuliza wazi wazi: moto ukiwaka katika nyumba ile, wazee hawa mtawafikia?

Ofisa alituvutia viti kwanza.

"Njia nyembamba peke yake haitushindi," alisema. "Gari haipiti, lakini mtu anapita na mpira unapita. Siku ile kwanza tulipotezwa. Mgeni alisema ni nyumba yenye mlango wa njumu, misumari ile ya shaba. Sasa mtaa ule mlango gani hauna njumu? Tumegonga majumba ya watu. Halafu vespa na makreti ya soda yamejaa njiani. Lakini lililonitia hofu hasa si hilo." Akamgeukia mke wangu. "Tulipofika barazani tukauliza moto uko wapi, wazee waliokaa pale wakasema, kaeni mnywe kahawa, huo udi wa mke wa Maalim, kila Alhamisi ndivyo ulivyo."

Binti yetu alicheka, nami pia. Ofisa hakucheka.

"Hilo ndilo, Maalim. Mtaa mzima umeuzoea moshi wa nyumba ile. Siku ukitokea moto wa kweli, watu wataendelea na kahawa yao. Watasema, bibi leo kauzidisha."

Kicheko kikatukatika. Mke wangu alikuwa anapanga sambusa katika sahani, mkono wake ukasimama.

"Umesikia, Mama?" binti yetu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesikia."

"Na kuhusu mpira kufika," ofisa aliendelea, "sitaki kusema nisilolijua. Jumamosi tutakuja tuujaribu, kutoka bomba la maji lililo karibu mpaka chumbani kwenu. Ukifika nitasema umefika, usipofika nitasema haukufika."

Wakati wa adhuhuri ukaingia. Kituoni wana chumba kilichotandikwa mikeka, na pazia nyuma kwa ajili ya wanawake. Wakanitaka nisalishe. Kabla ya kukimu, askari mmoja akaniuliza jambo ambalo, alisema, lilikuwa linamkera kwa muda: kengele ikilia nao wamo ndani ya sala, wafanye nini?

"Ikateni mwende," nilimwambia. "Kuiokoa roho ya mtu hakungoji, na sala wakati wake bado mpana. Hamna dhambi. Dhambi ni kubaki."

Nikakimu, nikafunga sala. Tulikuwa katika rakaa ya pili kengele ilipolia. Nyuma yangu nilisikia kama upepo umepita juu ya mikeka, kisha viatu, kisha milango ya gari, kisha king'ora kinatoka njiani. Mimi sikuwa na moto wa kuzima, kwa hivyo nikaendelea. Nilipotoa salamu kuliani hapakuwa na mtu. Nikatoa kushotoni, hapakuwa na mtu.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya mke wangu. "Maalim, leo umesalisha mikeka."

"Na wewe?"

"Mimi na mwanao tumo. Sisi hatukuitwa."

Binti yetu alitoka mpaka mlangoni akasimama. Pale palipokuwa na viatu na suruali hapakuwa na kitu, ila ndara zimetupwa huku na huku. Aliyebaki alikuwa askari mmoja aliyekaa kwenye simu, na huyo alikuwa hajasali bado.

"Sikuwahi hata kumaliza tashahudi," binti yangu akasema, "wao washafika mbali. Wameikata sala kwa ajili ya mtu wasiyemjua."

"Wameikata kwa ajili ya Aliyewaamrisha kusali," nilimwambia. Akazikusanya zile ndara akazipanga.

Tuliwangojea. Yalikuwa majani makavu yameshika moto karibu na nyumba za watu, na hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Walirudi masizi mpaka kwenye kope, wakatawadha upya, na ofisa akanitaka nisalishe tena. Katika madhehebu yetu inafaa, imamu aliyekwishasali kuwasalisha wenye faradhi, basi nikasimama mara ya pili. Safari hii nilipotoa salamu walikuwapo wote. Sambusa hazikufika alasiri.

Tulipofika nyumbani mke wangu hakuvua hata buibui. Alishuka kichochoroni akaanza nyumba kwa nyumba, na mimi juu namsikia.

"Sikilizeni! Kuanzia leo udi wangu nafukizia uwani chini, Alhamisi baada ya alasiri, basi. Mkiona moshi mwengine wowote katika nyumba yangu, siku yoyote, msiulize na msinywe kahawa. Pigeni simu."

"Na ukituambia ni udi?" mzee mmoja wa barazani akamchokoza.

"Hata nikikwambia mwenyewe ni udi, piga! Tena na hilo vespa lako liondoke mlangoni pa watu."

"Bi mkubwa leo kawa ofisa wa zimamoto!"

"Nshapanda gari yao. Wewe umepanda?"

Jumamosi askari walikuja kama walivyoahidi. Makreti yalikuwa yameondolewa, na vespa hazionekani. Waliufunga mpira kwenye bomba la maji lililo penye uwazi, wakaanza kuuvuta kichochoroni. Kwenye kila kona ulikuwa unataka kujipinda, na watu wa mtaa wakaanza kuusaidia bila kuitwa, huyu anauinua, yule anauelekeza, muuza kahawa kaliondoa birika lake njiani. Penye mlango wetu urefu wake ukaisha.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa amesimama chini ya dirisha, mikono kaikunja. Mke wangu alinishika kiwiko, na alinibana kwa nguvu.

"Unganisha mwengine!" ofisa akapiga kelele.

Wakaunganisha. Mpira ukapanda ngazi, ukapita ukumbini kwangu, ukaingia chumbani, na kichwa chake kikachungulia dirishani. Ofisa alitaka maji kidogo tu, ya kuonesha. Aliyekuwa kule bombani sijui aliambiwa nini, kwani watu waliokuwa wanapokezana maneno kutoka kona hadi kona walikuwa na furaha nyingi. Maji yalitoka kwa kishindo, yakagonga ukuta wa hoteli, yakamrudia binti yangu kichwani.

Mtaa mzima ulicheka. Yeye mwenyewe alisimama vile vile, ushungi umemganda usoni, kisha akacheka kuliko wote. Akapanda juu, maji yanamchuruzika.

"Mpira umefika?" alimuuliza ofisa.

"Umefika."

"Na wazee hawa wakiwa wamelala huku juu?"

Ofisa alizitazama ngazi zetu za mbao. "Hapo nitasema kweli. Wangekuwa wanalala chini, roho yangu ingetulia."

Nilijua uzito wa neno lile. Chumba cha juu ndicho alichozaliwa mke wangu, na ndicho chenye upepo. Chini kulikuwa na stoo tu kando ya chuo, imejaa masufuria ya shughuli na viti vilivyovunjika. Mke wangu alikwenda dirishani akatazama nje, akarudi.

"Nitalala chini," akasema.

"Kweli, Mama?"

"Bora chini ya nyumba yangu kuliko juu ya nyumba yako."

Binti yetu akajipangusa uso kwa kanga aliyopewa. Alitutazama mmoja baada ya mwengine, kama mzazi anayewapa wanawe ruhusa na bado ana wasiwasi nao.

"Basi kaeni," akasema. "Lakini kitanda kinashuka leo. Leo hii, si kesho."

Askari hawakungoja kuombwa. Waliukunja mpira wao, wakakifungua kitanda vipande, wakaanza kukiteremsha ngazini, huku mke wangu akiwaambia pole pole, pole pole, msinikwaruzie nakshi. Binti yetu alitangulia mbele, nguo zake mbichi vile vile, kwenda kuyatoa yale masufuria. Mimi nikapewa mito niibebe, nikaibeba.