Abiria Niliyemwambia "Mambo"

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja: "Mambo." Nililisema saa tisa mchana, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye barabara ya kuteremka kutoka Lushoto kwenda Soni. Utasema natunga. Mimi nisiyeweza kutuma ujumbe wa simu bila kuusoma mara tatu, nitunge kitu cha kunivunjia heshima hivi?

Safari niliipanga mwenyewe, kama ninavyojifundisha kila kitu mwenyewe. Siku mbili Ziwa Natron, chini ya volkano ya Lengai. Usiku mmoja Lushoto. Kisha Pangani kuona bahari. Na Jumapili saa nne asubuhi tuwe Tanga kwa wazazi wa Stella, mchumba wangu, waliokuwa hawajawahi kuniona. Dada yangu Upendo, niliyesafiri naye, ndiye angenisemea. Kusema kweli, likizo yote ilikuwa kisingizio cha Jumapili hiyo. Ratiba niliibandika kwenye dashibodi, na tayari tulikuwa tumechelewa dakika arobaini.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye kona moja mtu akatupungia mkono.

"Simama tumsaidie," Dada akasema.

Nikasimama shingo upande. Mlango wa nyuma ulipofunguka nilitupa jicho kwenye kioo: msichana wa umri wangu, kitenge kichwani, kikapu mapajani.

"Mambo," nikasema, huku nikitazama saa.

Dada akageuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilidhani Dada anamtania. Lakini mbona msichana aliitikia bila hata kutabasamu? Hakusema tena neno mpaka Soni, alipotaka kushuka ashike njia ya Vuga. Akainama dirishani kwangu.

"Umenisalimia kama rika lako," akasema taratibu. "Haya. Tuwe rika."

Akaondoka ukunguni.

"We na mambo yako!" Dada akafoka. "Bibi wa watu hana hata jino!"

"Bibi gani? Si msichana yule?"

Tulitazamana. Nilimshuku kwamba ananichezea, maana anajua nilivyo mwoga. Naye, aliniambia baadaye, alinishuku kwamba zile ratiba zimeanza kunichanganya.

Mombo tulinunua machungwa. Muuzaji, mama mwenye mvi, alinipa mfuko kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

Dada alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikajitazama kwenye kioo: uso uleule, chunusi zilezile. Pangani, mlinzi wa nyumba ya wageni, mtu mzima kuliko baba yetu, aliniamkia, kisha akamnong'oneza Dada, "Baba achukue chumba cha chini. Ngazi zitamsumbua."

Dada hakucheka tena. Bahari ilikuwa nzuri, nadhani. Sikuiangalia.

Jumapili tulifika Tanga saa nne kamili. Baba yake Stella alifungua mlango mwenyewe, akaniona, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibuni sana. Kijana mwenyewe yuko wapi?"

Nikamnyooshea zawadi. Stella akatokea nyuma yake. Yeye aliniona kama nilivyo, niamini, akaruka kwa furaha: "Baba, si ndiye huyu!" Na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Baba mtu alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akavaa kofia yake.

"Mzee mzima," akasema. "Huoni haya?"

Akafunga mlango. Dada aligonga, akaeleza, akalia. Haukufunguliwa.

Kwa hiyo nakuomba, ukipita milima ile, mtazame mtu usoni kabla ya kumsalimia, na ukikosea, mwamkie hapohapo kabla hajashuka. Mimi nilirudi Soni mara tatu. Sikumkuta.

Stella ameolewa. Mimi nina miaka ishirini na saba. Kwenye basi wazee huinuka kunipisha, na siku hizi nakaa.