Mbingu ya Chokaa

Harufu ya chokaa mbichi hunichefua mpaka leo, na kazi yangu, ole wangu, huanza nayo kila asubuhi. Mimi hupiga picha za mitindo Nairobi. Kabla ya kushika kamera nachora mbingu kwenye shuka, kisha napitisha brashi ileile kwenye pindo la nguo ya mwanamitindo, nguo na mawingu vishikane, mtu aonekane anaelea kama tunavyoelea ndotoni. Watu huniuliza nimesomea wapi. Nimesomea Galbet, jamani, mjini Garissa, na aliyeumia kwa masomo yangu si mimi.

Alikuwa Fundi Komora, mtu wa Tana, mwenye studio ya mabati karibu na soko. Wapiga picha wengine walikusimamisha mbele ya ukuta, basi. Yeye alikuwa mchoraji kwanza. Alichora mawingu kwenye shuka kwa chokaa na rangi ya bluu, na wasichana walitoka mle wakijiona malkia.

Nilikuwa na miaka minane dada yangu Hodan aliponipeleka kwake. Hodan alikuwa anaolewa Bute, mbali kaskazini, wiki ile, akataka kumwachia mama picha. Alivaa diraac ya mama, lile gauni jepesi la harusi ambalo sisi hata kuligusa tulikatazwa. Fundi akamtazama, akaguna. Alisema pindo linamtenga na mbingu. Akachovya brashi, akapiga magoti, akalipaka gauni bluu. Hodan alikuwa anacheka! Mimi niliona kifo. Mama angetuchuna ngozi.

Nikatoka mbio nikipiga mayowe. Nje walikuwepo mahamali wa mikokoteni, watu wa bara, wakaniuliza kwa Kiswahili kuna nini. Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi tuliolelewa kwa Kisomali, p hutuponyoka ikawa b. Picha ni bicha, pilau ni bilau, watu hucheka yakaisha. Mimi nikalia, "Fundi amembaka dada! Amembaka!"

Hakuna aliyecheka.

Waliingia na marungu na vyuma. Mmoja alimpiga Fundi kichwani kabla hajainuka, brashi ingali mkononi. Wakamkanyaga mbavu. Damu ikaruka mpaka kwenye mawingu. Hodan akawavamia kwa kigoda, akipiga kelele kwa Kisomali, nao wakadhani ni uchungu wa aliyetendewa unyama, wakazidi. "Shika huo mkono!" mtu akasema, na chuma kikashuka mara tatu kwenye mkono wa kulia. Ulilia kama kuni kavu. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

Hodan akakamata pindo, akawasukumia usoni. "Rangi!" alilia. "Rangi, wallahi!"

Yule mwenye chuma akanigeukia. "Wewe mtoto, ulisema amempaka?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Amembaka."

Akakaa chini palepale, chuma kikamponyoka.

Jioni hiyo mama aliifua diraac kwenye beseni. Maji ya kwanza tu, bluu yote ikatoka. Ilikuwa chokaa na maji, Fundi alijua, Hodan alijua. Mkono wa Fundi haukunyooka tena.

Hodan aligoma kwenda Bute mpaka apigwe picha yake, na harusi ikangoja. Fundi alirudi na bandeji, akashika brashi kwa mkono wa kushoto. Shuka lilikuwa lilelile. Hakuifuta damu, aliichorea mawingu mekundu kuizunguka, kama ya alfajiri, na Hodan akaelea katikati yake bila miguu. Picha hiyo naiiga katika kila kazi yangu. Watu husifu ule wekundu, nami nachovya brashi tena.

Siku ileile Fundi aliniita. Akashika kipande cha karatasi mbele ya mdomo wangu. "Sema paka," akasema. "Karatasi itikisike kwa pumzi." Nilisema mpaka midomo ikauma, nikiamini ananiadhibu. Nilipokua nilidhani alikuwa ananisamehe. Sasa nina umri wake wa siku ile, naikumbuka ile karatasi ilivyotetemeka hata kabla sijafungua mdomo. Mtu mzima yule alikuwa ananiogopa.

Wanamitindo hunicheka ninavyoitema hiyo p: "Nakupaka rangi sasa." Waache wacheke. Mimi hurudia, taratibu, mpaka niwe na hakika kila aliyemo chumbani amesikia.