Jina la Nzi wa Bogoro

Katsuva alikuwa monitere wa kilimo, mfundishaji wa wakulima, akikaa mtaa wa Saio na mke wake Bernadette. Mwaka 1978 binti yao Wivine, wa miaka tisa, alimletea jani kutoka kijiji cha Bogoro, limejaa mistari myeupe iliyojipindapinda.

"Papa, nani aliandika humu?"

Katsuva akalipasua kwa wembe, akamwonyesha funza mdogo kuliko punje ya ulezi, anayejilisha katikati ya ngozi mbili za jani.

Mwaka uliofuata surua ikamuua Wivine kwa siku sita.

Tangu hapo Katsuva alirudi Bogoro kila Jumamosi. Aliweka majani katika chupa za dawa, akangoja nzi watoke: weusi, wenye paji la njano. Akawatuma Ubelgiji kwa profesa mmoja. Profesa akajibu kwamba huenda ni aina mpya, ila hawezi kusema kabla ya kuujua mmea, na mmea hautambuliki bila ua na tunda.

"Kama ni mupya," Katsuva alimwambia mke wake, "nitaomba wamupe jina ya Wivine."

Bernadette akaanza kumwekea magazeti ya zamani ya kukaushia mimea.

Ilichukua misimu miwili. Mwaka 1981 mmea ule wa kutambaa ukatoa maua, kisha maganda. Katsuva akavituma.

Barua ilirudi baada ya miezi minane. Mmea ulikuwa jamii ya maharagi ya pori. Na nzi alikwisha kupewa jina, miaka ishirini nyuma, katika nchi nyingine.

"Basi iko na jina ya nani?" Bernadette aliuliza.

"Ya muzungu moja. Sijui yeye."

Bernadette akakaa chini kando ya mbabula, jiko la makaa, akalia kuliko siku ya mazishi.

Profesa aliomba jambo moja. Kabla ya Katsuva, hakuna aliyewahi kujua nzi huyo anaishi kwenye mmea gani, basi atumiwe kibandiko cha kuweka kwenye mmea huo, chenye jina la mkusanyaji na mwaka. Katsuva akaandika: Wivine, 1981. Akabaki anakitazama. Bernadette akaja akasimama nyuma yake.

"Papa Wivine, mwaka ile mutoto alishakufa."

"Najua."

"Basi usimuwekee uongo."

Katsuva akakichana. Akaandika jina lake mwenyewe, na Bernadette akaenda kutafuta bahasha.