Vekesheni ya Mama Wacera

Mama Wacera aliuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mtaani Langas, kando ya barabara, mbele ya nyumba yake ya vyumba viwili. Asubuhi moja alikuta ukuta umepakwa neno jekundu: VACATE. Kiingereza hakukijua, lakini herufi za mwanzo aliwahi kuziona kwenye kitabu cha likizo cha mjukuu wake, Nyokabi, kilichoandikwa VACATION.

"Ni vekesheni," aliwaambia wateja. "Labda wanaleta masomo ya likizo hapa."

Kituyi, fundi wa viatu wa jirani, alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Basi likizo ni yako, Mama. Pumzika."

Majirani walipoanza kufunga virago, aliniita mimi, mteja wake wa kila siku. "Wewe umesoma. Niambie ukweli."

Nililitafuta neno kwenye simu. Kuhama. Kuondoka mahali. Nikazidi kusoma kwa hasira: limetoka kwa Kilatini, vacare, kuwa tupu. Vekesheni nayo imezaliwa hapo hapo. Mama hakukosea sana.

"Mwenye ploti ameuza," nilimwambia. "Wanataka pawe tupu."

"Mbona hakuja akasema?"

"Angekuja, ungemuuliza uende wapi."

Alikoroga sufuria. "Cheptiret, walikotufukuza wakati wa uchaguzi, pia hawakusema. Lakini kule walikuja na moto, nikaelewa haraka."

Nilimwambia tusimame mlangoni, tuite wanahabari, twende kortini. Nchi hii inamfukuza mtu kwa lugha ambayo haikumfundisha, halafu inasema alipewa notisi. Nilisema hayo kwa sauti, na safari hii Kituyi hakucheka. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe simama. Mimi niko na mtoto." Kisha akauliza, "Vekesheni huwa inaisha, watoto wanarudi. Hii inaisha lini?"

Nilitazama simu, nikaizima.

Alhamisi tingatinga lilifika kukiwa na manyunyu. Godoro, sufuria na sare ya Nyokabi vilikuwa vimefunikwa kwa nailoni kando ya barabara. Mama alikuwa amefagia nyumba yote, hata chini ya pale kitanda kilipokuwa.

Dereva aliinamisha kichwa dirishani. "Mama, kuna mtu ndani?"

"Hakuna. Iko vekesheni."

Dereva hakuelewa. Alipandisha kioo, akaanza na ule ukuta uliopakwa rangi.