Thelathini kwa Kumi na Nane

Fundi mmoja wa vitanda, ambaye mtaani walimwita Kimya kwa sababu salamu yake ilikuwa kuinua kidevu tu, alikuwa na ua lake. Alilichonga katikati ya kichwa cha kila kitanda, na wateja walifuata ua kwanza, kitanda baadaye. Sasa mkono wake wa kulia ulitetemeka, na patasi ilikwenda ilikotaka yenyewe. Daktari alishamwambia hautapona.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyemwonyesha kwenye simu mashine za kuchonga zinazoendeshwa na kompyuta.

"Shemeji, hii haichoki, haitetemeki, wala haigombani na dada yangu."

Wakazilinganisha wiki nzima. Ya kwanza isingepita mlangoni. Ya pili ilivutwa na mikanda, na Kimya alijua mikanda ile ingelegea ikikutana na mbao ngumu. Ya tatu iliandikwa eneo la kuchonga: thelathini kwa kumi na nane. Tangu ujana alinunua mbao mbili kwa nne, moja kwa sita, na hakuna aliyewahi kuuliza mbili nini. Inchi, basi. Ua lingeenea na nafasi ikabaki.

Muuzaji alimpigia simu. "Una swali lolote, mzee?"

Alikuwa nayo matatu. Akasema, "Hapana."

Mashine ilipofika, mkewe aliipokea kwa mkono mmoja.

"Mume wangu, hii ni mashine au blenda?"

Shemeji akanyoosha futi ya chuma juu ya kimeza cha mashine. Akakohoa. "Shemeji, ni sentimita."

Kimya akapima mwenyewe, mara mbili. Boksi lilishafunguliwa, na muuzaji hakupokea kilichofunguliwa. Wakaijaribu kwenye kipande cha mbao ngumu. Ncha ya kuchongea ikalia, ikakatika.

"Si tuchonge maua madogo?" shemeji alisema.

"Ya vitanda vya wanasesere," mke akacheka, kisha akamwona mumewe usoni, akaanza kuirudisha mashine kwenye boksi.

Siku ya pili yake akaja shangazi wa bwana harusi mmoja kuulizia kitanda walichoagiza.

"Ua tayari, fundi?"

"Kitakuwa kitupu, mama."

"Bila ua? Sasa kina tofauti gani na cha dukani?"

Shangazi akaondoka bila kuaga.

Ua lilikuwa limekwisha kuchorwa kwa penseli kwenye kichwa cha kitanda. Akachukua msasa, akaanza kulifuta. Kazi hiyo mkono uliiweza vizuri.